Ngao ya mbele ya gari: barabarani Mofu inamlinda nani?

Magari mengi ya kazi yanayofika Mofu yana ngao mbele. Utaiona kwenye Land Cruiser za mkonga, kwenye pikapu za wanunuzi wa mpunga, na siku hizi hata kwenye magari madogo ya abiria. Wengi tumezoea kuiona kama alama ya gari gumu, na fundi wa kuchomelea hakosi kazi hiyo. Lakini barabara za bonde letu zinabadilika, na ngao iliyomsaidia dereva porini inaweza kumuumiza mtembea kwa miguu kijijini. Makala hii inaeleza ngao inafanya kazi gani, nani anafaidika nayo, nani anaumia, na mwenye gari aangalie nini kabla ya kutoa pesa yake.

Kwa nini watu wanaifunga

Sababu za kweli zipo. Mofu iko kando ya uwanda wa mafuriko wa mto Kilombero, eneo la ardhi oevu linalotambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar tangu 2002. Huku kuna nyati, tembo, sheshe na makundi ya ng'ombe. Masika yakianza, njia zinakuwa tope, matete yanafunga barabara na vigogo vinalala njiani. Gari likigonga ng'ombe au kisiki, kinachoharibika mapema ni bampa, taa na rejeta. Rejeta ikitoboka, maji yanaisha, injini inachemka na safari inaishia hapo. Kama ndani kuna mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko Ifakara, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo hatusemi ngao haina maana. Kwa gari linalopita porini kwa mwendo mdogo, ngao imara inaweza kuokoa rejeta, na pengine kuokoa safari. Pia ni mahali pazuri pa kufunga winchi ya kujivuta kwenye tope.

Nguvu ya kishindo inakwenda wapi

Jambo ambalo halisemwi gereji ni hili: ngao haiondoi nguvu ya kishindo. Inaihamisha tu.

Sehemu ya mbele ya magari mengi ya kisasa imetengenezwa ili ijikunje yanapogonga kitu. Bati linapojikunja, linakula sehemu ya nguvu ile kabla haijawafikia watu. Ukiweka bomba nene la chuma lililoshikiliwa moja kwa moja kwenye chesisi, unapunguza kujikunja huko. Sehemu ya nguvu inasafiri kupitia chesisi hadi kwa waliokaa ndani. Nyingine inabaki kwa aliyegongwa.

Fikiria urefu. Kwenye gari kubwa la kazi, bomba la juu la ngao huwa karibu mita moja kutoka ardhini. Kwa mtu mzima hapo ni kiunoni au tumboni. Kwa mtoto wa darasa la kwanza ni kifuani au kichwani. Boneti ya bati ingebonyea kidogo, lakini bomba la chuma halibonyei. Kwa mwendo uleule, mtoto aliyepigwa na bomba anaweza kuumia vibaya kuliko aliyepigwa na bati.

Kuna suala la mifuko ya hewa pia, ile inayofumuka mbele ya dereva na abiria gari linapogonga. Inaamshwa na vifaa vinavyopima kishindo. Ngao isiyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo inaweza kuchelewesha mfuko, au kuufumua kwa kishindo kidogo kisichostahili.

Lami imebadilisha hesabu

Kwa miaka mingi barabara mbovu ndizo zilizopunguza mwendo huku kwetu. Mashimo na tope vilifanya kazi ya askari wa usalama barabarani. Sasa mambo ni tofauti. Daraja la Magufuli la mita 384 kwenye mto Kilombero lilizinduliwa 2018, nalo lilichukua nafasi ya kivuko. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, takriban kilomita 67, imewekwa lami. Haya ni maendeleo tuliyoyalilia sana, na hakuna anayetaka kurudi nyuma.

Lakini mwendo ukipanda mara mbili, nguvu ya kishindo inapanda mara nne. Gari la kilomita 80 kwa saa halina kishindo mara mbili ya lile la kilomita 40. Lina mara nne. Ngao iliyofungwa kwa ajili ya kusukuma matete kwa mwendo wa kutambaa ndiyo hiyohiyo inayopita sasa kwa kasi mbele ya shule, soko na kituo cha bodaboda. Kadiri barabara inavyokuwa nzuri, faida ya ngao inapungua na hatari yake inaongezeka. Hilo ndilo jambo ambalo madereva, mafundi na viongozi wa vijiji wanapaswa kulipima upya.

Dereva naye ana mtego wake. Akijua mbele ana chuma, anaweza kujiona salama na kukanyaga mafuta zaidi. Ngao haifupishi umbali wa kufunga breki. Na kwa mnyama mkubwa kama tembo au nyati, usiku kwenye mwendo mkali, hakuna bomba linaloweza kumhakikishia usalama wake.

Wenzetu wamefanya nini

Nchi mbalimbali zimelishughulikia suala hili, kila moja kwa njia yake. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2005 kwamba ngao zipimwe kwa majaribio yanayoiga mwili wa mtu aliyegongwa. Ngao ngumu za chuma zikakosa nafasi kwenye magari mapya. India, Desemba 2017, wizara ya usafiri wa barabara iliyaandikia majimbo yote ikitaka ngao zisizoruhusiwa ziondolewe.

Australia, nchi yenye pori kubwa na kangaruu wanaorukia barabarani, haikuzipiga marufuku. Ilitoa kiwango mwaka 2002: ngao ifuate umbo la gari, isiwe na ncha wala kona kali, wala isichomoze ovyo kwenda mbele. Kwetu sisi tunaoishi na wanyama, mfano wa Australia unafaa kuangaliwa, kwa sababu unakubali kwamba mahitaji ya porini yapo na bado unamkumbuka mtembea kwa miguu.

Kama ni lazima ufunge

Jiulize kwanza gari lako linakwenda wapi. Kama ni RAV4 ya kwenda Ifakara na kurudi, pesa hiyo inunue matairi, breki na taa nzuri. Gari la aina hiyo halina hata chesisi ya kubeba ngao nzito.

Kama gari ni la porini kweli, zingatia haya:

Chagua ngao iliyotengenezwa kwa aina ya gari lako, yenye pembe za mviringo, isiyochomoza kupita bampa.

Ifungwe kwa bolti ngumu kwenye matundu ya chesisi yaliyopo. Usikubali chesisi ichomelewe, joto linaidhoofisha.

Kama kuna kuchomelea kokote garini, fundi achomoe kwanza waya za betri. Na akitumia bomba la maji lililopakwa zinki, aondoe zinki hiyo kwanza na afanye kazi mahali penye hewa, kwa sababu moshi wake unaleta homa.

Kumbuka uzito. Ngao ya chuma huwa na kilo 40 hadi 80, na winchi inaongeza. Gari likiinamia mbele, springi na breki zinaelemewa. Pima taa upya baada ya kufunga.

Isizibe taa, namba ya gari wala hewa ya rejeta. Taa za ziada zikipangwa mbele ya rejeta, injini itachemka ukiwa na mzigo.

Kabla ya yote, waulize askari wa usalama barabarani na kampuni yako ya bima. Gari lililobadilishwa bila taarifa linaweza kuleta ubishi siku ya kudai fidia.

Kwa sisi tusio na gari

Wengi wetu Mofu, Namwawala na Idete tunatembea kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kikomo hicho kinamhusu mwenye ngao na asiye nayo. Mkutano wa kijiji unaweza kudai matuta na vibao mbele ya shule kabla barabara haijawekwa lami, kwani kuvidai baada ya msiba ni kuchelewa. Waelezeni watoto kwamba gari lenye ngao halipungui ukali kwa sababu dereva ni jirani. Na wewe jirani mwenye gari, ukiingia kijijini, punguza mwendo kabla ya nyumba ya kwanza.