Kipa wa penaliti achaguliwe mapema, si wakati wa hofu

Bule, Djugu – Tarehe 16 mwezi wa 11 mwaka wa 2025, mjini Rabat kule Maroko, kocha wa timu ya taifa ya Kongo, Sébastien Desabre, alifanya jambo ambalo kocha wa timu ndogo hapa Bule angeogopa kulifanya. Mechi na Nigeria ilikuwa 1-1. Frank Onyeka alikuwa amewafungia Wanigeria mapema kabisa, na Meschack Elia akasawazisha kabla ya mapumziko. Muda wa nyongeza ulikuwa unaelekea kwisha. Ndipo kocha akamtoa kipa Lionel Mpasi, aliyelinda goli tangu mwanzo, akamwingiza Timothy Fayulu, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa benchi.

Kilichofuata kinajulikana. Penaliti zilipigwa, Fayulu akaizuia ile ya Semi Ajayi, kapteni Chancel Mbemba akafunga ya mwisho, na Kongo ikashinda 4-3. Siku tatu kabla, Mbemba huyo huyo alikuwa ameiondoa Kamerun kwa goli la dakika za majeruhi.

Wengi wanasema Desabre alikuwa na bahati. Wanasema kama Fayulu angefungwa zote, kocha angefukuzwa usiku ule ule. Huenda ni kweli. Lakini uamuzi ule ulikuwa mzuri hata kama penaliti zingekataa, na sababu zake zinazihusu sana timu za kambi na za vijiji vya Bule.

Kwanza, aangaliwe yule aliyetoka. Mpasi si kipa anayeogopa penaliti. Tarehe 28 mwezi wa 1 mwaka wa 2024, katika Kombe la Afrika kule San-Pédro, Côte d'Ivoire, Kongo na Misri walitoka 1-1, wakaenda penaliti. Wapigaji walipiga mpaka zamu ikafika kwa makipa wenyewe. Kipa wa Misri, Gabaski, akagonga mwamba. Mpasi akaweka mpira chini, akafunga, Kongo ikashinda 8-7. Mtu mwenye historia kama hiyo angeweza kukataa kutoka kule Rabat, au kutoka akitupa glavu chini. Alitoka, mwenzake akaingia, na kazi ikaendelea. Bila heshima hiyo ya Mpasi, Fayulu asingepata nafasi ya kuonekana.

Kumaliza mechi ni kazi yenyewe, tofauti na kuianza. Wamarekani wanalijua jambo hili katika mchezo wao wa besiboli. Kila timu kubwa kule ina mrushaji wa mwisho, mtu ambaye kwa kawaida haanzi mechi. Anaitwa mwishoni, timu yake inapoongoza kwa tofauti ndogo, ili aufunge mlango. Mariano Rivera, mzaliwa wa Panama, aliifanyia New York Yankees kazi hiyo miaka mingi, akafikisha mechi 652 alizozimalizia timu yake bila kupoteza uongozi. Hakuna aliyemwita mtu wa akiba. Alikuwa mwenye zamu yake, na wote waliijua zamu hiyo kabla mechi haijaanza.

Sasa kuna mabadiliko ya namna nyingine, yale yanayofanywa kwa hofu. Wazee wanaokumbuka enzi za Zaïre hawajasahau tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka wa 1974, Kombe la Dunia kule Ujerumani. Zaïre, mabingwa wa Afrika wa mwaka ule ule, walikuwa wanacheza na Yugoslavia mjini Gelsenkirchen. Kabla ya dakika ya 20 walikuwa wamefungwa magoli 3. Dakika ya 21 kocha Blagoje Vidinić akamtoa kipa Mwamba Kazadi, akamwingiza Dimbi Tubilandu. Mechi ikaisha 9-0. Tubilandu alitupwa ndani ya nyumba iliyokwisha kushika moto, akaambiwa azime. Mechi iliyofuata, dhidi ya Brazil, Kazadi alirudi golini. Ile haikuwa zamu ya mtu yeyote iliyopangwa, na hata leo aibu ya siku ile inabebwa na wachezaji zaidi kuliko waliofanya uamuzi.

Waholanzi walionyesha njia nyingine mwaka wa 2014, kule Brazil. Robo fainali na Costa Rica ilikuwa 0-0 mpaka dakika ya 120. Kocha Louis van Gaal akamtoa Jasper Cillessen, akamwingiza Tim Krul, kipa mrefu zaidi, aliyekuwa ameambiwa mapema kwamba anaweza kuitwa. Krul akazuia penaliti 2, Uholanzi ikashinda 4-3. Siku nne baadaye, nusu fainali na Argentina, ikawa tena 0-0, tena penaliti. Safari hii Van Gaal alikuwa amekwisha kutumia nafasi zake zote 3 za kubadilisha wachezaji. Krul akabaki benchi anaangalia, na Argentina wakashinda 4-2. Mtu wa kumalizia kazi alikuwepo, ila mlango wa kumwingiza ulikuwa umefungwa. Kuwa naye hakutoshi, lazima nafasi yake ihifadhiwe.

Haki inadai useme pia upande wa pili. Mwezi wa 8 mwaka wa 2021, kocha Thomas Tuchel wa Chelsea alimtoa Édouard Mendy na kumwingiza Kepa Arrizabalaga kwa ajili ya penaliti dhidi ya Villarreal. Kepa akazuia 2, Chelsea ikachukua kombe. Mwezi wa 2 mwaka wa 2022, kocha yule yule, makipa wale wale, mabadiliko yale yale, fainali dhidi ya Liverpool. Kepa hakuzuia hata moja katika 11, kisha yeye mwenyewe akapiga yake juu ya goli. Liverpool 11, Chelsea 10. Uamuzi ulikuwa mmoja, matokeo mawili. Ndiyo maana kocha asipimwe kwa matokeo ya siku moja. Apimwe kwa jambo moja: je, alikuwa amejipanga, na wachezaji wake walikuwa wanajua?

Hapo ndipo habari inarudi Bule.

Mechi za hapa zina shida ambayo Rabat haina. Jua likianza kushuka, wahami wanataka kuwa wamerudi kambini kabla ya giza, na sababu yake hakuna asiyeijua. Kambi ya Plaine Savo ilipoteza watu zaidi ya 60 usiku wa tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka wa 2022. Kwa hiyo mechi ikiwa sare, mara nyingi hakuna dakika 30 za nyongeza. Watu wanakwenda penaliti moja kwa moja. Maana yake hapa penaliti zinaamua zaidi kuliko kwa timu kubwa, na kipa wa penaliti ana kazi kubwa zaidi. Lakini mara nyingi kipa wa pili ndiye anayeshika chupa za maji na viatu vya wenzake. Kwenye mazoezi anarudisha mipira iliyotoka nje. Halafu siku timu ikikwama, anaambiwa: ingia, utuokoe. Huyo ni Tubilandu, si Fayulu.

Shida ya pili ni kwamba katika maisha ya kambi, orodha ya wachezaji haikai. Leo familia ya kipa namba moja inajaribu kurudi kijijini kuangalia shamba. Kesho mwingine anakwenda Bunia kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Mwingine anafuata mama yake aliyepewa nafasi katika kambi nyingine. Kocha anayemfundisha kipa mmoja tu anajenga nyumba yenye nguzo moja. Kwa timu ya wahami, kipa wa pili aliyefundishwa ni hitaji la lazima kama mpira wenyewe.

Ya tatu ndiyo nzito. Mashindano mengi ya vijana katika Djugu yanaitwa ya amani, na yanakutanisha watoto ambao wazazi wao hawakai tena pamoja. Dakika za mwisho ndizo za hatari katika mechi kama hizo. Kocha akimtoa mtoto wa watu hawa na kumwingiza mtoto wa watu wale bila neno la mapema, pembeni ya kiwanja watu hawataona mpango. Wataona upendeleo, au dharau kwa kabila. Maneno yataanza, na maneno ya kiwanjani hufika sokoni kabla ya jioni. Lakini jambo hilo hilo, likitangazwa mbele ya timu yote na mbele ya wazee kabla ya filimbi ya kwanza, linakuwa kazi mbili za watu wawili. Mmoja anaanza, mwingine anamaliza. Hakuna aliyenyang'anywa.

Kuna makocha watakaosema kwamba kumtaja kipa wa penaliti mapema kunamvunja moyo kipa wa kwanza. Hofu hiyo ina maana, kwa sababu kijana aliyepoteza nyumba na shule hapendi kupoteza na nafasi yake golini. Lakini kinachomvunja moyo zaidi ni kushtukizwa mbele ya watu. Kule Brazil, Cillessen hakuwa ameambiwa, na kamera zilimwonyesha akitoka na hasira. Timu ilishinda, ila yeye aliumia. Kama kocha mkubwa vile alikosea hapo, wa Bule anaweza kufanya vizuri kumzidi, na bila kulipa hata franga moja.

Jambo lenyewe linawezekana wiki hii hii. Mwisho wa kila mazoezi, makipa wote wawili wasimamishwe golini kwa zamu, kila mmoja apigiwe penaliti 10, na mtu aandike kwenye daftari nani amezuia ngapi. Baada ya wiki chache daftari litamtaja kipa wa kumalizia, si ukoo wake wala urafiki wake na kocha. Waandaaji nao waulizwe mapema ni wachezaji wangapi wanaruhusiwa kubadilishwa, na nafasi moja iwekwe mfukoni mpaka mwisho. Na kipa anayetoka apokewe kwa kupigiwa makofi na benchi lote, likiongozwa na kocha mwenyewe.

Timu inaweza kufanya yote hayo na bado ikafungwa, kama Chelsea. Lakini itafungwa ikiwa nzima, na makipa wake wawili watarudi kambini kwa njia moja.