Acheni Kutuuzia Minyoo ya Plastiki, Sabaki Hakuna Besi

Wasee, leo nachoma watu, na wa kwanza kwenye orodha ni mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita niliposti video niko ukingoni mwa Sabaki na fimbo mpya ya kuvulia. Mnyoo wa plastiki wa zambarau unaning'inia, mziki mkali, halafu chap, kambare mkubwa mkononi. Mliipenda. Mkauliza mnyoo wapatikana wapi, nikaweka linki.

Ukweli ni kwamba yule kambare nilimnunua kwa mzee mmoja pale pale mtoni. Nilirusha ule mnyoo asubuhi nzima na hakuna kitu kiliugusa.

Ningenyamaza tu kama wenzangu. Lakini wiki jana dogo mmoja wa huku kwetu Marafa, wa kidato cha tatu, akanitumia sauti inboksi. Alikuwa ameweka pesa za vibarua akanunua pakiti ya mia nane. Akaenda mtoni jioni tatu mfululizo. Hakupata hata wa kuonja. Na mwajua Sabaki jioni ni mto wa aina gani, mle mna mamba na viboko. Mtoto wa watu alisimama pale kungoja samaki wa uongo wangu. Babu yake, kwa nyungunyungu wa kuchimba nyuma ya choo, alitoa kambare wawili. Dogo akaniuliza, "Kaka, nakosea wapi?"

Hukukosea, mdogo wangu. Nilikosea mimi.

Sasa nisikizeni, maana kuna watu watasema nachukia vitu vya kisasa. Mnyoo wa plastiki si takataka. Ni chombo kizuri sana, kwa samaki wake na maji yake. Nick Creme na mkewe walianza kuutengeneza nyumbani kwao Akron, Ohio, mwaka 1949, na uliyempa jina ni besi wa mdomo mkubwa, samaki wa Marekani. Besi huwinda kwa macho, na kwa kuhisi mtikisiko wa maji ubavuni mwake. Akiona kitu kirefu laini chashuka taratibu kikijipinda, hangoji kunusa.

Kambare ni stori nyingine. Zile sharubu si pambo, ndizo ulimi na pua yake. Anatafuta chakula gizani, kwenye tope, kwa ladha na harufu. Na Sabaki mwaijua rangi yake, chai ya maziwa, kwa sababu ni mto ule ule wa Athi na Galana unaoteremka na udongo wa bara yote mpaka unachafua bahari ya Malindi. Sasa wewe wampelekea samaki anayenusa, kwenye maji yasiyoonekana kitu, kipande cha plastiki cha zambarau. Kina mng'aro! Nani atauona huo mng'aro? Kuna minyoo iliyotiwa chumvi na harufu, sawa, lakini nyungunyungu ana harufu yake tayari na ni bure.

Kenya hii besi yuko, tena zamani sana. Aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa starehe, na mpaka leo wapo wanaomvua. Kama una shangazi Naivasha na una kibali cha kuvua, hapo mnyoo wako una kazi. Chagua wa inchi 6 hivi. Maji yakiwa angavu, chukua rangi ya kijani cha majani au kahawia. Mle ziwani kuna kamba wekundu walioletwa 1970, na besi huwala sana, kwa hiyo kahawia yenye wekundu si vibaya. Maji yakichafuka, chukua nyeusi, kwa sababu kivuli cheusi ndicho huonekana.

Halafu namna ya kuuvika, hii ndiyo wengi hawaonyeshi kwa video. Pitisha chubwi lenye umbo la risasi kwenye mshipi, kisha funga ndoana. Choma ncha ya ndoana kichwani mwa mnyoo, itoe kando baada ya nusu inchi, vuta mpaka jicho la ndoana lifike kichwani, igeuze, kisha ifiche ncha ndani ya mwili. Mnyoo ulale umenyooka. Ukikunjika, utazunguka majini kama tiara na besi atakucheka. Ncha ikishafichwa hivyo waweza kurusha katikati ya mafunjo bila kunasa. Acha ushuke mpaka chini, na uangalie mshipi, kwa sababu mara nyingi besi huubeba ukiwa bado washuka. Ukihisi tu-tu, punguza ulegevu wa mshipi, kisha vuta kwa nguvu.

Ona, hiyo imenichukua dakika mbili kueleza. Kwa nini hatusemi? Kwa sababu tukisema "hii ni ya Naivasha", mtoto wa Marafa, wa Gongoni, wa Mambrui hatobonyeza linki. Hiyo tu. Twachukua video ya mtu wa Texas, twabadilisha mziki, twaweka mandhari ya Nyari nyuma, twaita uvuvi wa Pwani.

Na tusisahau mnyoo ukikatika unabaki mle majini. Ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, faini mpaka milioni nne, nasi twaenda kudondosha plastiki mtoni kwa mikono yetu, tena bila samaki.

Kwa hiyo nyinyi wenzangu wa kamera, mwajijua. Nataka vitu viwili kwenye kila video ya uvuvi: taja maji ni yapi, na useme samaki ametoka wapi. Kama amenunuliwa, andika amenunuliwa. Mkiona nimefanya tena ule ujinga, nichomeni hapa hapa kwa komenti, sitafuta hata moja.

Video nimeitoa. Mia nane ya dogo nimeirudisha kwa M-Pesa. Nimebaki na minyoo tisa ya zambarau. Mwenye kuvua Naivasha aje inboksi, namtumia bure, alipe nauli ya parseli tu.