Jeshi Halimharibu Binti

Kila mwaka kidato cha sita wakimaliza mitihani na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) likatoa majina ya wanaoitwa kambini, huku kwetu Kimara linarudi neno lilelile: mtoto wa kike akienda jeshini anaharibika. Atarudi jeuri, atasahau jiko, hatakaa na mume. Linasemwa saluni, linasemwa kwenye vikoba, linasemwa hata msibani. Wanaolisema ni shangazi zetu na mama zetu wadogo, watu wanaompenda binti kwa dhati. Hata hivyo ni uongo, na unaumiza.

Msimu uliopita nilikuwa duka la nguo Kimara Mwisho. Baba mmoja na bintiye walikuwa wanapitia orodha ya vifaa: bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Mama aliyekuwa pembeni akichagua vitenge akamgeukia yule msichana: "Mwanangu, ukitoka huko nani atakuoa?" Msichana akainama. Baba akalipa, hakusema kitu. Kimya cha yule baba kiliniudhi kuliko swali lenyewe, maana binti alikuwa anamtegemea yeye amtetee.

Na jibu lilikuwepo, tena si la kutafuta mbali. JKT ilianzishwa Julai 1963. Mwaka 1966 Serikali ikaamua wasomi wote wapite huko kwa mujibu wa sheria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana Oktoba mwaka ule, Mwalimu Nyerere akawafukuza chuo, na sheria ikabaki palepale. Utaratibu ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa 2013. Kwa hiyo kwa karibu miaka thelathini wasichana wa nchi hii waliomaliza masomo walipelekwa Ruvu, Mafinga, Makutupora na kambi nyingine. Walikimbia mchakamchaka alfajiri, wakalima, wakalala kwenye mahanga, wakajifunza kufungua na kufunga silaha. Leo wako wapi? Ni walimu wakuu wastaafu, ni wauguzi, ni mahakimu, ni wale bibi ambao wajukuu wanawashusha kwenye mwendokasi kwa kuwashika mkono. Wengine waliolewa na vijana waliokutana nao hukohuko kambini. Kama jeshi lingekuwa linaharibu wanawake, kizazi kizima cha mama zetu kingekuwa kimeharibika, na sisi tuliolelewa nao tusingekuwepo kubishana.

Ajabu ni kwamba watu haohao husifu mwanamke mwanajeshi akiwa wa mbali. Desemba 2024 ilipotoka filamu ya Tyler Perry kuhusu kikosi cha 6888, kuna waliolia sebuleni. Kisa ni cha kweli. Mwaka 1945 Marekani ilipeleka Birmingham, Uingereza, wanawake 855, wengi wao weusi, kushughulikia mamilioni ya barua za askari zilizolundikana. Walifanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana, kwenye majengo ya baridi yenye panya, wakitumia kadi za majina karibu milioni saba kumtafuta kila askari alipo. Kazi waliyopewa miezi sita waliimaliza kwa mitatu. Kamanda wao, Meja Charity Adams, aliambiwa na jenerali kwamba ataletewa luteni mzungu amfundishe kuongoza kikosi chake. Alikataa mbele ya askari wake. Jenerali akatishia kumshtaki kijeshi, mwishowe akaliacha jambo hilo.

Na baada ya vita? Adams alitoka jeshini mwaka 1946 akiwa Luteni Kanali, akaolewa mwaka 1949 na kijana aliyekuwa anasomea udaktari Zurich, Uswisi. Akamfuata huko, akajifunza Kijerumani, naye akasoma chuo kikuu. Walirudi Marekani, wakaishi Dayton, Ohio, wakalea watoto wawili. Yule aliyemkatalia jenerali hakushindwa kukaa na mume.

Wapo na wa kwetu. Marekani ilipofungua mwaka 2008 mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha ilizozihitaji, Kiswahili kilikuwemo, na Waafrika Mashariki waliingia jeshi lile na kupata uraia. Msichana wa namna hiyo akituma hela za nondo na bati, ujenzi unapanda Temboni na sote tunamwita mpambanaji. Akifika likizo na miaka thelathini na tano, bila pete, tunanong'ona kwamba jeshi limemla. Hela yake tunaipokea kwa mikono miwili, yeye mwenyewe tunamhukumu. Hiyo si haki.

Nakubali kwamba jeshi lina ugumu wake. Kambi inamweka mtu mbali na nyumbani, na binti anastahili kulindwa dhidi ya mkubwa yeyote anayetumia cheo vibaya. Hayo tuyadai kwa sauti, kwa wenye dhamana. Lakini askari wa kiume wa Jeshi la Wananchi (JWTZ) amekuwa akienda kulinda amani Kongo tangu 2013, anakaa miezi mingi bila kuwaona wanawe, na hakuna anayemuuliza kama bado anafaa kuwa mume. Akirudi tunampokea kwa vigelegele. Mwanamke wa kambi ileile, mwenye gwanda lilelile, anawekwa kiti cha mbele siku ya kicheni pati yake na kuonywa mbele ya wageni asimpe mumewe amri.

Tunachokiogopa, nadhani, ni binti aliyejifunza kuamka saa kumi bila kuitwa, kubeba mzigo wake mwenyewe na kusema "hapana" bila kutetemeka. Mwanaume asiyeweza kuishi na mtu wa hivyo ana tatizo lake, na binti asilipie tatizo hilo.

Wazee mliopita Ruvu na Mafinga kabla ya 1994 mpo hapahapa Kimara: Baruti, Korogwe, Stop Over, Suka. Mna ndoa za miaka arobaini na mlipoanzia mnapajua. Majina yakitoka tena, msikae kimya dukani.