Tom Mboya Ana Sanamu, Makuli Wana Nini?

Apitaye Moi Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, hakosi kuiona sanamu ya marehemu Tom Mboya. Ilizinduliwa Oktoba 2011, hatua chache kutoka mahala alipopigwa risasi Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipokuwa akitoka duka la dawa. Siku zile barabara hiyo ikiitwa Government Road. Na mtaa uliokuwa Victoria Street sasa wachukua jina lake. Jina, basi, limehifadhiwa, na kwa hilo sina ubishi.

Ninalobisha ni vazi. Sanamu imevishwa joho pana la Afrika ya Magharibi, vazi la mkuu mbele ya wakuu wenziwe. Huyo ni Mboya wa Accra, mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika wa Disemba 1958. Yule Mboya wa vyama vya wafanyakazi yu wapi?

Yataka tutoke mjini, tushike njia ya magharibi hadi Kabete. Huko, katika Jeanes School, ndiko alikosomea ukaguzi wa afya kabla ya kuajiriwa na Baraza la Jiji. (Leo pana Kenya School of Government, wanakofunzwa watumishi wa serikali.) Kazini alikuta Mwafrika na Mzungu wakifanya kazi moja, na mshahara wa Mwafrika ukiwa kijisehemu tu cha ule wa mwenziwe. Akawaunganisha wafanyakazi wa Baraza, na mwaka 1953, umri wake miaka 23, akawa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour, tena katikati ya Hali ya Hatari.

Sisi wa pwani tuna fungu letu katika habari hii. Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma kwa maelfu. Mboya akateremka kutoka Nairobi, akasema nao warudi magatini na madai yao yapelekwe mbele ya waamuzi. Wakarudi, na uamuzi ulipotoka mishahara ilipanda asilimia 33. Hebu fikiri: kijana wa miaka 24 akiwaomba subira watu wazima waliokwisha kuonja mgomo wa Januari 1947, ambao kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka ule ule akawekwa kizuizini karibu miaka 10! Mtume (S.A.W.) alituhimiza ujira utolewe kabla jasho la mtu halijakauka. Makuli wale jasho lilikuwa limekauka zamani.

Wala nisimfanye malaika. Serikali aliyokuwa waziri wake ndiyo iliyoyavunja mashirikisho ya wafanyakazi mwaka 1965 na kuunda COTU, na wako wasemao kuwa hapo vyama vilitiwa hatamu. Na hilo nalo liandikwe.

Kuandikwa, naam. Mwendo mfupi tu kutoka kwenye sanamu, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, zimehifadhiwa karatasi za Makhan Singh, aliyeunda East African Trades Union Congress pamoja na Fred Kubai mwaka 1949, akakamatwa Mei 1950, asitoke kizuizini mpaka Oktoba 1961. Mtu huyu aliweka karatasi za vyama, kisha mwaka 1969 akatoa kitabu cha historia yake. Kwangu mimi karatasi zile zashinda shaba, maana ndani yake mna wafanyakazi wenyewe na madai yao. Watu wa Trinidad wamefanya yote mawili: Uriah Butler, aliyeongoza mgomo wa visima vya mafuta tarehe 19 Juni 1937, ana sanamu, na siku ile yenyewe ni sikukuu ya wafanyakazi.

Kuli aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 leo amepita 90. Wengi wametangulia mbele ya haki. Waliobaki wamekaa barazani Majengo na Likoni, na kila mmoja ana mjukuu mwenye simu iwezayo kunasa sauti. Aulizwe, kwa Kiswahili chake: kutwa ulilipwa ngapi? Serahangi wako alikuwa nani? Siku za mgomo, nyumbani mlikula nini? Na huyo kijana kutoka Nairobi, aliposimama mbele yenu, mlimwamini kwa nini?