Nyumbani na watoto: Kumpokea samaki mgeni



Juma hili tunaanza kwa kuomba msamaha, na tunamuomba mtoto. Binti wetu wa darasa la nne tulimgombeza mwezi uliopita kwa kosa ambalo hakulifanya. Tulimwambia mbele ya wadogo zake kwamba ameua samaki. Alilia, akalala bila kula. Leo tunajua kwamba samaki tuliwaua sisi wakubwa, kwa agizo letu wenyewe, tena agizo zuri.

Habari ilikuwa hivi. Hapa kwetu Uvira tuna sanduku la kioo ambalo fundi wa madirisha alitutengenezea kwa vipande vilivyobaki kazini mwake. Tulitaka watoto waone samaki anavyoishi, si picha ya ubaoni tu. Mjomba wao, ambaye ni mvuvi, akatuletea wanne wadogo, wa urefu wa kidole hivi, wale wanaokaa ndani ya magamba matupu ya konokono chini ya ziwa. Wataalamu wanawaita Neolamprologus brevis. Mara nyingi dume na jike wanagawana gamba moja, na hatari ikija wote wawili wanaingia. Sisi tunaokula ndagala na mikebuka tangu utotoni, hatukuwa tumewahi kuwaangalia hawa.

Binti alitumwa maji. Watoto wetu tumewafundisha kwamba ukiteka maji ziwani, usirudi nyumbani kabla bidoni haijatiwa dawa ya klore. Kipindupindu hapa kwetu si hadithi, kila mama anayesoma karatasi hii anajua. Mtoto akatii. Akaleta bidoni mbili zenye dawa, tukazimimina kwenye kioo, tukawamwaga samaki humo mara moja pamoja na maji ya kopo lao. Kabla ya saa moja kupita walikuwa juu wakitwetatweta. Jioni wote wanne walikuwa wamekufa, na sisi tukatafuta mwenye kosa, tukampata aliye mdogo.

Jirani mmoja mwenye uzoefu wa kufuga samaki alituuliza swali moja tu: «Maji yalitoka bidoni gani?» Hapo tukaelewa. Klore inaua vijidudu vya ugonjwa, lakini matamvua ya samaki, yale mekundu anayopumulia, nayo inayaunguza. Kwa hiyo maji ya kunywa yaendelee kutiwa dawa, hilo halina mjadala. Maji ya samaki yawe na bidoni yake. Kama huna mengine ila yenye klore, yaache siku mbili kwenye beseni wazi, juani, ukiyakoroga mara kwa mara, dawa ipungue na kuisha. Maji ya mvua hayafai kwa samaki wa Tanganyika hata yakiwa safi namna gani, kwa sababu ziwa letu lina hali ya magadi, na samaki wake wamezoea hiyo.

Tulianza upya, na safari hii tulikwenda polepole kama tunavyompokea mwanafunzi anayehamia katikati ya mwaka.

Kitu cha kwanza ni kungoja, na ndicho kigumu kwa watoto, hata kwa baba yao. Tulijaza mchanga na mawe ya ziwani bila kuyaosha kwa sabuni wala kwa klore, tukatia maji, na kila siku chembe moja ya chakula ioze humo. Majuma matano bila samaki! Wageni waliuliza kama tunafuga mawe. Lakini mkojo na mavi ya samaki vinatoa sumu majini, amonia, na katika maji yenye magadi kama yetu sumu hiyo ni kali zaidi. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, si vile vya ugonjwa, ambavyo vinakaa kwenye mchanga na kuigeuza. Vinahitaji mwezi hivi, pengine majuma sita, mpaka viwe vingi vya kutosha. Anayeosha mchanga kila Jumamosi kama anavyoosha sufuria anavifukuza. Siku hizi tunabadilisha robo ya maji tu kwa juma.

Umeme tunajua ulivyo. Pampu ya hewa ikizimika usiku kucha, samaki wengi kwenye chombo chembamba na kirefu watakosa pumzi. Ndiyo maana kioo chetu ni kipana na kifupi, na ndani yake tumepanga kutia samaki wawili watatu tu. Giza likiingia bila umeme, mtoto mmoja anachota kikombe na kumimina kutoka juu, mara nyingi, maji yapate hewa. Wanagombania zamu!

Kuhusu maji hayo, neno la mama kwa mama. Kubadilisha maji watu wengi wananyonya mpira kwa mdomo. Kwetu tumekataza kabisa. Jaza mpira maji kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole, kisha shusha moja kwenye ndoo. Ndoo hiyo isirudi jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Mjomba alipoleta samaki wa pili, alileta mmoja tu, ndani ya gamba lake. Kopo tuliliweka kwenye maji ya kioo nusu saa, joto lilingane. Kisha binti, kwa sababu sasa ndiye mkubwa wa kazi hiyo, alitia kikombe kidogo cha maji ya kioo ndani ya kopo kila dakika kumi, kwa muda wa saa moja. Halafu tulimtoa yeye na gamba lake, maji ya kopo tukayamwaga nje. Tuliweka kitambaa juu ya kioo kuzuia mwanga. Chakula hakuna siku ya kwanza. Kugongagonga kioo hakuna siku yoyote.

Siku mbili hatukumwona. Mdogo wao alisema amekufa ndani ya gamba, akataka tulitikise. Hapo tulikuwa karibu kukubali, kwa kweli, maana hofu ya mara ya kwanza ilikuwa bado ndani yetu. Binti alikataa. Alisema mgeni hafukuzwi kitandani ili kuangalia kama anapumua. Siku ya tatu asubuhi tuliona macho mawili mlangoni mwa gamba, na mchana alikuwa ameanza kusukuma mchanga kulizika.

Juma lililopita mwenzake alifika. Kabla ya kumtia tulihamisha magamba yote na mawe, ili yule wa kwanza asiwe na mahali anapopaona kuwa pake peke yake. Walifukuzana siku nzima, mapezi yakachanika kidogo, na tulikuwa tayari na beseni la kuwatenganisha. Sasa kila mmoja ana pembe yake.

Bidoni ya samaki binti ameiandikia mwenyewe kwa rangi nyekundu. Tulipomuomba msamaha, mbele ya wadogo zake vilevile, aliangalia chini, akauliza kama sasa anaweza kwenda kuteka maji, maana jua lilikuwa linazama.