Wanaobaki Bagamoyo

BARAZA LA PWANI
Na Rehema Kondo

Mwenye nyumba mmoja wa Magomeni, hapa Bagamoyo, amewapa notisi vijana wanne waliopanga vyumba viwili vya uani. Kodi walikuwa hawadaiwi, wala hawakugombana na mtu. Kosa lao, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kwamba chuo walishamaliza na bado wapo. Mwanafunzi anamwelewa: ana kitambulisho, ana ratiba, akihitimu anarudi kwao. Hawa wanafanya nini hapa?

Swali hilo nalisikia kila kona ya mji. Nimelisikia barazani baada ya alasiri, kwenye kijiwe cha bodaboda, na mara moja mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, likiulizwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulijibu. Nataka kulijibu leo kwa kirefu, kwa sababu kwenye jibu lake ndipo penye hatima ya mji huu. Bagamoyo inaweza kuendelea kuwa mji wa sanaa, au ikabaki mji wenye jengo la chuo cha sanaa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mji wetu ni mdogo lakini una vyuo. Mbegani wanasomea uvuvi. ADEM wanafundwa viongozi wa shule. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wako hapa miaka mingi na kazi yao ya malaria inajulikana duniani. Mtu akimaliza Mbegani hakuna anayemuuliza swali. Bahari ipo, boti zipo, kazi yake inaonekana. Anayemaliza Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ambayo wengi wetu bado tunaiita Chuo cha Sanaa, kazi yake haionekani mpaka aifanye, na ili aifanye anahitaji muda, wenzake na chumba cha bei nafuu. Ndiyo maana anabaki.

Chuo hicho hakikuanzishwa kwa bahati. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisema wazi kwamba wakoloni walitufanya tuzionee aibu ngoma zetu. Serikali ikaunda kikundi cha taifa cha ngoma. Vijana wengine wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Vikundi hivyo vilipovunjwa, kazi yao ikahamia Bagamoyo, na chuo kikafunguliwa 1981. Mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali na kupata jina la sasa. Ukumbi wake mkubwa uliteketea kwa moto 2002 ukajengwa upya. Tamasha lake la kila mwaka limevuka serikali, mifumo ya uchumi na wafadhili waliokuja wakaondoka.

Angalia basi jinsi mambo yalivyogeuka. Ngoma ambazo taifa lilitaka ziwe katikati ya maisha yetu leo ziko pembeni. Redio zinapiga Bongo Fleva na singeli, na sina ugomvi nazo. Vijana wamezijenga kwa jasho lao. Lakini kijana akipita Mtaa wa India na zeze begani na nywele za rasta, anatazamwa kama mtu aliyepotea. Anaulizwa kama anavuta bangi kabla hajaulizwa jina. Anachobeba begani ni kitu ambacho serikali yetu wenyewe ilikitungia wizara.

Nilikaa mchana mmoja uani kwa mmoja wao, kijana wa Singida aliyehitimu miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa anawamba ngoma. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa imelala kwenye maji tangu jana yake, laini, inanuka. Aliivuta juu ya gogo la mwembe alilolichimba mwenyewe kwa patasi, akawa anapigilia vijiti kimoja upande huu, kingine upande wa pili, kimoja huku, kingine kule, ili mvuto uwe sawa. Hakutumia kipimo chochote. Alikuwa anaisikiliza. Kila baada ya vijiti vichache aliigonga kwa kidole, akatikisa kichwa, akaendelea. Ngozi ikishakauka juani, ataikwangua manyoya kwa wembe, na kila siku ya kupiga ataiotesha moto wa maboksi mpaka sauti ikaze.

Pembeni yake palikuwa na ilimba isiyokamilika, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole. Vyuma vyake alivifua kwa nyundo kutoka spoku za baiskeli alizonunua kwa fundi wa jirani. Kwenye ubao alitoboa tundu dogo, na juu ya tundu anabandika utando wa buibui, ule mweupe wa kuhifadhia mayai. Utando huo ndio unaoifanya sauti ivume, ule mvumo wa Kigogo ambao ukiusikia mara moja hutausahau. Aliniambia kazi ngumu ni kuutafuta: unakwenda kwenye kuta za nyumba kuukuu asubuhi, unaubandua kwa ncha ya kisu, na mara nyingi unachanika.

Maarifa ya namna hiyo hayapatikani kwa muhula mmoja wala kwa stashahada. Chuo kinakupa mlango. Ndani unaingia kwa kukaa miaka karibu na anayejua, ukimbebea mzigo, ukikosea mbele yake, ukirudia. Anayehitimu akapanda basi la Makumbusho, Dar es Salaam, siku ileile, mengi ya aliyosomea yanaishia njiani. Anayebaki ndiye anayeyafanya yaendelee kuishi. Asubuhi utawakuta ufukweni maji yakiwa yametoka, wakiruka sarakasi juu ya mchanga mgumu. Mchana mmoja anachora mabango ya maduka, mwingine anashona, mwingine anamfundisha mgeni wa Sweden kupiga ngoma, mwingine anashinda mnadani akisaidia kubeba samaki kwa sababu wiki hii hakuna onyesho. Jioni wanakutana. Sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma, lizombe ya Wangoni, mdundiko wa Wazaramo: kwenye uwanja mmoja wa mchanga unaweza kuzisikia zote kabla ya magharibi. Adhana ikitoka wananyamaza. Wamejifunza saa za mji.

Wapo wazee wanaosema ngoma za bara si mila ya hapa. Nawaheshimu wazee hao na nawaomba turudi pamoja nyuma kidogo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda hapahapa Bagamoyo, ndiye aliyeandika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Ujerumani 1903. Humo ngoma zimejaa: za harusi, za unyago, za pepo. Huo ndio Uswahili alioujua yeye, na haukuwa mkimya. Katika zama zake, kila msimu wa misafara wapagazi wa Kinyamwezi walishuka hapa kwa maelfu na pembe za ndovu mabegani, wakapiga kambi, wakacheza ngoma zao, na baadhi yao hawakurudi. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika Feasts and Riot cha 1995, ameonyesha jinsi watu wa bara na watumwa katika miji ya mwambao huu walivyopigania nafasi yao mjini kupitia karamu na ngoma hizohizo. Walikuwa wanadai kuhesabiwa kuwa watu wa mji, na ngoma ilikuwa njia yao ya kudai.

Tena tunaye mfano mkubwa kuliko wote, na wazee hao wanamjua kuliko mimi. Shehe Yahya bin Abdallah, Shehe Ramiya, aliletwa hapa akiwa mtumwa kutoka Manyema, Congo ya leo. Akasoma, akafundisha, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria ambaye sifa zake zilivuka Bagamoyo, mpaka alipofariki 1931. Hakuzaliwa hapa. Alibaki hapa. Mji huu ulimpa nafasi, naye akaurudishia zaidi ya ulichompa. Siwafananishi wapiga ngoma na shehe huyo kwa elimu wala kwa daraja. Nasema tu kwamba Bagamoyo imejengwa na waliofika wakabaki, na kumfukuza mtu kwa sababu amebaki ni kwenda kinyume na historia yetu wenyewe.

Kwa upande wa muziki, jina ni Hukwe Zawose. Mgogo wa Dodoma, aliitwa Dar es Salaam miaka ya sitini kupigia taifa, kisha akaja Bagamoyo, na hapa ndipo alipofia mwishoni mwa 2003. Alirekodi na lebo ya Real World ya Uingereza, akazunguka dunia na zeze na ilimba, na kila mara alirudi uani kwake. Angerudi Dodoma baada ya kazi ya serikali kwisha, tungekuwa na nini leo? Ukoo wake umebaki, watoto wamekua ndani ya sauti hiyo. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao Maisha. Katika desturi ya Wagogo wanawake walipiga ngoma ya muheme na kuitikia, na vyombo vya mbele vilikuwa vya wanaume. Hawa wawili wamekaa mbele, wameshika vyombo, na wanaimba tungo zao. Jambo hilo limenifurahisha kuliko habari yoyote ya sanaa niliyoisoma miaka hii. Mila imekua yenyewe, ndani ya familia, kwa sababu kulikuwa na watu wa kutosha wanaoishi pamoja na kuifanya kila siku.

Mambo mawili yanatishia hali hii. La kwanza ni kodi. Dar es Salaam inatufuata. Imeshapita Bunju, imefika Mapinga na Kerege, na watu wanaofanya kazi huko wanatafuta vyumba huku. Habari ya bandari ya Mbegani, iliyosainiwa 2013 ikasimama 2019 na kuzungumzwa tena baadaye, imewafanya watu waning'inize bei za viwanja kwenye matumaini. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo anaweza kuipata kwa mwajiriwa. Kwa mpiga ngoma hawezi. Simlaumu kwa kutaka fedha yake, ana watoto wa kusomesha. Namwomba apokee kwa mwezi kutoka kwa anayelipa kwa mwezi na halipi pungufu.

La pili ni malipo ya onyesho. Vikundi hivi vinaitwa kwenye hoteli za pwani kucheza wakati wageni wanakula. Nimeshuhudia kikundi cha watu kumi kikicheza zaidi ya saa nzima, kisha wachezaji wakaambiwa warudi wiki ijayo kufuata fedha, na usiku ule wakarudi mjini kwa miguu na ngoma kichwani. Mgeni alikuwa ameshalipa. Hilo ni dhuluma, na hakuna lugha nyingine ya kulisemea.

Kuhusu bangi na fujo, niseme wazi ili nisieleweke vibaya. Wapo wanaovuta, kama walivyo katika kazi nyingine nyingi, na sheria ipo kwa ajili ya mtu aliyekosa. Nywele si ushahidi. Kuwakamata vijana watano kwa sababu wana rasta na wamekaa na ngoma saa tatu usiku kunaharibu imani yao kwa mji, na mwizi wa kweli anaendelea na kazi yake mtaa wa pili.

Halmashauri yetu ina chombo mkononi. Sheria inazitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Bodaboda wanakopeshwa, wafuga kuku wanakopeshwa, na ni haki yao. Warsha ya kutengeneza ngoma, zeze na ilimba ni biashara kamili: ina malighafi, ina ufundi, ina wateja shuleni, makanisani na nje ya nchi. Ofisa maendeleo ya jamii aende uani akaone gogo linavyochimbwa kabla hajaandika kwamba andiko la mradi halijakidhi vigezo.

Na chuo kina ukumbi. Tamasha linajaza mji siku chache kwa mwaka, kisha jukwaa linabaki kwa wanafunzi na wageni waalikwa. Naomba usiku mmoja kila mwezi uwe wa wahitimu waliobaki, na watazamaji wa kwanza wawe watu wa Dunda, Magomeni na Nianjema. Kiingilio kiwe bei ya chipsi mayai, watoto waingie bure, onyesho lianze baada ya isha na liishe mapema ili mama wa kuuza vitumbua awahi kulala. Fedha ya mlangoni igawanywe palepale, usiku uleule, mbele ya wachezaji wote.