Waraka kwa wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya: tuulize kabla hatujaamua

Wazee wenzangu, viongozi wa jumuiya, wajumbe wa kamati ya ujenzi na walimu wa kwaya,



Vikao vya bajeti vimekaribia, na baada ya uchaguzi wengi watakaoketi mezani ni wapya. Nimeona niwaandikie mapema juu ya tabia moja inayovuruga mabaraza mengi kuliko uhaba wa fedha: kutafuta shauri, na hata kumwomba Mungu atuongoze, ilhali uamuzi tumekwisha kuupitisha mioyoni.

Fungueni kitabu cha Yeremia, sura ya 40 hadi 43. Ni sura zisizohubiriwa sana, labda kwa sababu hazina mwisho wa kufurahisha. Yerusalemu imekwisha kuanguka, mwaka 586 kabla ya Kristo. Hekalu limechomwa, wakuu wamehamishiwa Babeli, na maskini walioachwa kulima wamewekewa liwali, Gedalia mwana wa Ahikamu, anayekaa Mispa. Jemadari mmoja, Yohanani mwana wa Karea, anamwendea na kumwonya kwamba Ishmaeli mwana wa Nethania ametumwa na mfalme wa Waamoni aje kumuua. Gedalia haamini. Yohanani anamfuata tena faraghani, anajitolea kummaliza Ishmaeli kimyakimya. Gedalia anakataa na hilo, anasema Ishmaeli anasingiziwa.

Mimi simlaumu Gedalia kwa kukataa mauaji ya siri. Lawama yangu ni kwamba alipolikataa pendekezo alilitupa na onyo pamoja nalo. Angeweza kumnyima Yohanani ruhusa ya kuua na bado akaweka walinzi mlangoni. Nasi ndivyo tulivyo: mtu akileta hoja ya kweli kwa sauti kali, au akaifungia ndani ya pendekezo bovu, tunayatupilia mbali yote. Mwezi wa 7 Ishmaeli akaja na watu 10, wakakaribishwa mezani, wakala, kisha wakainuka wakamuua mwenyeji wao.

Sasa mwangalieni Yohanani. Matukio yamempa haki. Amemfuata Ishmaeli hadi Gibeoni na kuwakomboa mateka aliowachukua. Mtu aliyeona kwa macho yake gharama ya kupuuza shauri, ungetegemea yeye awe msikivu kuliko wote. Yeye na watu wote, wadogo kwa wakubwa, wanamwendea nabii Yeremia na kumsihi awaombee, Bwana awaonyeshe njia. Wanaapa kwamba watatii, liwe jibu tamu au chungu. Yeremia anaomba. Jibu linakuja baada ya siku 10, na siku hizo si haba kwa watu wanaohofia jeshi la Babeli kurudi kulipiza kisasi cha liwali aliyeuawa. Wanaambiwa wakae nchini wala wasimwogope mfalme wa Babeli. Wakienda Misri, upanga na njaa wanayoikimbia itawakuta huko huko. Yohanani na wenzake wanamwita nabii mwongo, na kudai kwamba Baruku karani wake ndiye anayemchochea. Kisha wanawachukua watu wote, pamoja na Yeremia na Baruku, wanashuka nao hadi Tahpanesi, Misri.

Kiapo kilikwenda wapi? Someni mistari ya mwisho ya sura ya 41, ile tunayoipita haraka kwa sababu imejaa majina. Kabla hawajamwendea Yeremia, walikuwa wamepiga kambi Geruth-Kimhamu, karibu na Bethlehemu. Tazameni ramani iliyo nyuma ya Biblia zenu. Gibeoni iko kaskazini ya Yerusalemu, Bethlehemu iko kusini. Walikuwa wamekwisha kuupita mji, nyuso zikielekea Misri, na Maandiko yenyewe yanasema hiyo ndiyo iliyokuwa nia yao. Walimwuliza Mungu njia wakiwa wameshaishika. Walichotaka kwa Yeremia ni aibariki safari.

Wapendwa, hatuna haja ya kwenda mbali. Ajenda ya ujenzi inaletwa kwenye "mengineyo," watu wakiwa wameshashika mikoba. Fundi amekwisha kupewa malipo ya awali, matofali yako uwanjani, lori la mchanga limemwaga jana, ndipo tunaambiwa tuiname tumwombe Mungu atuongoze. Mzee gani atasema hapana akiwa amesimama mbele ya rundo la mchanga? Na akithubutu, mnong'ono haukawii: nani kamtuma, yuko upande wa nani? Neno hilo ndilo lile alilotupiwa Baruku. Mtu akikosa jibu la hoja, hutafuta mchochezi.

Yehoshafati, mfalme wa Yuda, naye alikwama hapo. Kwanza alimwahidi Ahabu, mfalme wa Israeli, kwamba wako pamoja katika vita vya Ramoth-Gileadi, ndipo akaomba wamwulize Bwana. Manabii wapatao 400 wakasema nendeni. Nabii Mikaya peke yake ndiye aliyesema tofauti, ingawa mjumbe aliyetumwa kumwita alikuwa amemshauri aseme kama wenzake. Ahabu akamtia gerezani. Kinachonishangaza mimi ni Yehoshafati: alimsikia Mikaya, akaenda vitani vivyo hivyo, na nusura auawe kwa kudhaniwa kuwa Ahabu.

Kuna watakaosema kwamba sisi hupitisha mambo kwa kauli moja. Daudi pia. Alipotaka kulileta sanduku la agano alishauriana na makamanda wa maelfu na wa mamia, na kusanyiko zima likaona jambo lile ni jema. Lakini Torati ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba vyombo vile vitakatifu vibebwe mabegani na wana wa Kohathi, nao wakaliweka sanduku juu ya gari jipya la kukokotwa na ng'ombe, kama walivyofanya Wafilisti. Uza, aliyelishika sanduku lisianguke, akafia njiani. Miezi 3 baadaye Daudi mwenyewe alikiri kwamba hawakumtafuta Mungu kwa kufuata agizo. Shauri la watu wengi ni la lazima, ila halifuti lililokwisha kuandikwa. Hela ya wajane haiwi ya uzio kwa sababu kikao kizima kimenyoosha mikono.

Na shauri tulitafute kwa wanaojua, hata kama hawana cheo. Musa alipangiwa kazi upya na mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani, naye Yethro alikuwa na adabu ya kusema afanye hivyo iwapo Mungu atamwagiza. Tunao hapa akina mama wanaotunza fedha za vikoba bila shilingi kupotea, na wastaafu waliopima viwanja maisha yao yote. Ni lini tuliwaita?

Basi nawaomba. Jambo lolote linalogusa ardhi, ujenzi au sadaka zenye kusudi maalumu liletwe kikao kimoja, liamuliwe kikao kinachofuata, ili jumuiya zipate nafasi ya kuliombea na kulijadili. Anayepinga asikilizwe hadi amalize, na hoja yake iandikwe kwenye muhtasari kama alivyoisema. Na fundi yeyote asilipwe hata senti kabla baraza halijaamua. Mwenye neno juu ya waraka huu anifikishie kabla ya kikao, na aliseme waziwazi.

Ndugu yenu katika Kristo,
Katibu wa Baraza la Wazee